Ugonjwa Usio na Kitenzi

Ninalo daftari gumu lenye jalada jekundu ambalo nimelitunza tangu mwaka wangu wa kwanza katika chuo cha ualimu. Humo ndimo ninamotia maneno na misemo ninayoiokota njiani: kauli ya mzee apaliliaye migomba, fumbo la mpita njia, tashbihi ya mama muuza maparachichi. Sikuyakusanya kwa ajili ya utafiti wowote. Niliyakusanya kwa uchu wa lugha tu, uchu ambao najua wengi wenu mnaosoma hapa mnao. Katika daftari hilo umo mstari mmoja ambao kwa miaka kadhaa sikuthubutu kuusoma. Nitaufikia. Kwanza naomba tuzungumze juu ya silabi moja.

Nilikuwa nimeketi katika benchi la kliniki ya kisukari ya hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, nikingoja zamu yangu. Sisi tutokao Kighare, huku Usangi katika milima ya Upare Kaskazini, tukitaka kuwahi kliniki ya Moshi huondoka kabla ya jua, wakati ukungu wa msitu wa Kindoroko haujaamua kama utapanda au utashuka. Tunateremka kwa gari hadi Mwanga, kisha tunaishika barabara kuu. Wengi hufika hawajatia kitu kinywani, kwa sababu kipimo cha asubuhi kinataka mtu aliyefunga tangu usiku. Na benchi la watu wenye njaa, ndugu msomaji, ni mahali pazuri sana pa kusikiliza lugha.

Mzee mmoja wa makamo yangu alikuwa akiwafariji wageni. Akasema, "Msitishike. Hiki ni kisukari tu. Ingekuwa sukari yenyewe, wote tungekwisha kuzikwa." Mama mmoja aliyekuwa na kikapu miguuni akamjibu papo hapo, "Na ingekuwa jisukari je, baba?" Benchi zima likacheka. Nami nikacheka, maana kwa miaka zaidi ya thelathini niliwafundisha watoto wa sekondari udogo na ukubwa wa nomino, na sikumbuki kama mwanafunzi wangu yeyote aliwahi kutoa mfano mzuri kuliko ule.

Lakini nilipokuwa narudi nyumbani, kicheko kilinikauka. Mzee yule hakuwa akitania. Aliamini kwamba jina limempa habari za ugonjwa wake: kwamba amepewa kidogo cha kitu kikubwa.

Kiambishi *ki-* kina kazi nyingi, na wasomaji wa hapa hawahitaji somo langu. Huunda udogo: kitoto, kilima. Huunda ala: kijiko, kifungio. Huunda majina ya lugha, na hata lugha yetu ya Kipare tunayoiita Chasu imevaa kiambishi hicho hicho, kikiwa kimegeuka sauti mbele ya irabu. Lakini iko kazi nyingine ambayo vitabu vyetu vya shule viliipita haraka mno: *ki-* ni mlango wa maradhi. Hesabu nami: kipindupindu, kifafa, kichocho, kisonono, kiharusi, kikohozi, kifaduro, kichomi, kiungulia, kipandauso, kizunguzungu, kiseyeye. Iongezee kidingapopo, neno la kale ambalo baadhi ya wataalamu husema ndilo lililozaa jina ambalo Wazungu huiita homa hiyo. Hakuna hata mmoja kati ya hayo aliye mdogo. Hakuna aliyewahi kusema kipindupindu ni pindupindu lililopungua. Kisukari kimeketi katika safu hiyo, pamoja na wauaji wenzake, na *ki-* yake ni ya ukoo huo.

Nilipoiandika orodha hiyo katika daftari langu, niliona jambo jingine. Mengi kati ya majina hayo yana kitenzi tumboni. Kipindupindu kinapindua. Kichomi kinachoma. Kikohozi kinakohoza. Kisonono kinasononesha. Kiungulia kinaunguza. Kizunguzungu kinazungusha. Kipandauso kimebeba sentensi nzima mgongoni. Wahenga walioyaunda majina haya walimtazama mgonjwa, wakaona ugonjwa unamfanya nini, wakaliita tendo lile kwa jina lake. Mtu akiambiwa ana kichomi hahitaji mkalimani.

Kisukari hakina kitenzi. Kina nomino ya kabatini. Ni ugonjwa pekee ninaoujua katika safu ile uliopewa jina la kitu kitamu, kitu tunachowakirimia wageni. Jina lake linakwambia kilichomo ndani ya damu, halikwambii kinakufanyia nini. Na hapo ndipo mkasa wangu unapoanzia.

Sisi si wa kwanza kuuita ugonjwa huu kwa utamu wake. Waganga wa kale wa India waliuita kwa maneno yenye maana ya mkojo wa asali, kwa kuwa waliona sisimizi wakiufuata mkojo wa mgonjwa. Waarabu huuita *sukkari*. Wagiriki peke yao walikwenda kwenye kitenzi: *diabetes* ni neno lao lenye maana ya kupita moja kwa moja, kama maji yapitavyo bombani, kwa sababu mgonjwa hunywa na kukojoa bila kikomo. Aretaeus wa Kapadokia, tabibu wa zama za Warumi, aliueleza kuwa ni kuyeyuka kwa nyama na viungo vya mtu kuingia katika mkojo. Ni maelezo ya kutisha, lakini yana tendo ndani yake.

Hata dawa yake ina hadithi ya lugha. Nyuma ya tumbo kuna kiungo tunachokiita kongosho. Mwaka 1869 Mjerumani kijana, Paul Langerhans, aliona ndani ya kongosho vifungu vya seli vilivyojitenga na jirani zao kama visiwa baharini. Baadaye dutu itokayo humo ikaitwa insulini, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kisiwa. Mwaka 1921, Frederick Banting na msaidizi wake Charles Best walifanikiwa kuipata dutu hiyo huko Toronto, Kanada, na Januari 1922 mvulana wa miaka 14 akawa mtu wa kwanza kutibiwa kwayo. Kabla ya hapo, mtoto aliyepata kisukari cha aina ya kwanza alisubiri kifo tu. Siku ya kuzaliwa ya Banting, tarehe 14 Novemba, ndiyo dunia huiadhimisha kuwa Siku ya Kisukari. Nilipomweleza mjukuu wangu kwamba dawa ya bibi yake ilitoka kisiwani, aliniuliza kama ni Unguja au Pemba.

Hapa kwetu, jina hili limekuja juu katika maisha yangu mimi mwenyewe. Miaka ya 1980, Profesa Donald McLarty, tabibu kutoka Uskoti aliyefundisha na kutibu Dar es Salaam, alifanya kazi pamoja na wenzake ya kuwapima watu vijijini. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1989 yalionyesha kwamba katika vijiji 6 vya Tanzania, waliokuwa na kisukari hawakufika mtu 1 katika kila 100. Katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1985, Chama cha Kisukari Tanzania kilianzishwa, na kliniki ya kisukari ya Muhimbili ikawa mahali ambapo waganga wengi walijifunza kuutunza ugonjwa huu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliofanywa kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, ulikuta takriban watu 9 katika kila 100. Vipimo na umri wa waliopimwa havilingani sawasawa, lakini hata asiyejua hesabu anaona mahali mlima ulipoanza. Nilikuwa kijana wa chuo ugonjwa huu ulipokuwa habari ya mjini. Leo nikihudhuria msiba hapa Kighare, nikaangalia waliokataa soda, najua wenzangu ni akina nani.

Kliniki ile ya Moshi, katika hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971 kuhudumia kanda yote ya kaskazini, kwangu ni kama darasa kuliko hospitali. Unapimwa uzito na presha. Unadungwa kidole, tone la damu linawekwa katika kifaa kidogo na tarakimu inatokea. Muuguzi anauliza ulikula nini, ulitembea kiasi gani, dawa zimebaki ngapi. Kisha daktari. Kipo pia kipimo kikubwa, kinachosoma sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, ambazo huishi kwa muda wa miezi 3 hadi 4 hivi. Hicho huwezi kukidanganya kwa kufunga siku mbili kabla ya kliniki. Niliwahi kuwaeleza wenzangu wa benchini hivi: kipimo cha kidole ni jaribio la Jumatatu, kile cha miezi 3 ni matokeo ya muhula. Wakaelewa wote, hata mzee wa kisukari kidogo.

Ni katika darasa hilo nilipotambua kwamba shida yetu kubwa wakati mwingine ni msamiati. Nitataja maneno matatu tu.

La kwanza ni *sukari* yenyewe. Nimeketi karibu na watu walioapa kwamba tangu waambiwe wana kisukari hawajagusa sukari hata chembe, na tarakimu zao zinapanda. Chai wanakunywa kavu. Kisha mchana wanakula mlima wa ugali, na jioni sahani ya ndizi inayoweza kumlisha mpagazi. Jina limewaonyesha adui mmoja, kopo la sukari, likawafichia wengine. Wanga wote huishia kuwa sukari ndani ya damu: ugali, wali, ndizi, viazi, uji. Haina maana kwamba vyakula hivyo ni haramu. Makande yetu, kwa vile yana maharage mengi, ni rafiki kuliko ugali mtupu. Lakini ni nani atakayelijua hilo kutokana na neno *kisukari*?

La pili ni *dozi*. Sisi tumelelewa na malaria. Tunajua dawa ina mwanzo na mwisho: unameza, unamaliza dozi, unapona, unarudi shambani. Mtu akipewa vidonge vya mwezi mmoja, akavimaliza na akajisikia vizuri, lugha yake yote inamwambia amepona. Hana neno la dawa isiyo na mwisho. Huanza kuulizia mizizi, au huacha tu. Wauguzi sasa husema *kudhibiti*, na ni neno zuri, lakini ni la ofisini, halijafika jikoni.

La tatu ni *kushuka*. Kwa kuwa kila siku tunaambiwa sukari imepanda na ni vibaya, tunadhani kushuka ni heri tupu. Kumbe sukari ikishuka mno mtu hutetemeka, hutoka jasho jembamba, huongea maneno yasiyo na kichwa, na asiposaidiwa huweza kupoteza fahamu na hata kufa. Na msaada wake wa haraka ni nini? Ni sukari ile ile, ikorogwe katika maji anywe, maadamu bado anaweza kumeza. Adui wa asubuhi ndiye mwokozi wa alasiri. Nimemwona mtu akiikataa bilauri kwa mkono unaotetemeka, akisema, "Nina kisukari, msiniue."

Sasa niufikie ule mstari.

Dada yangu mkubwa, mzaliwa wa kwanza wa mama yetu, ndiye aliyenisomesha. Alibeba ndizi na kahawa kichwani ili mimi nibebe vitabu. Nilipohitimu ualimu aliacha kuniita kwa jina langu. Akaniita Mwalimu, nusu kwa heshima na nusu kwa utani, hadi mwisho. Kisukari kilimpata kabla yangu. Kwa miaka kadhaa miguu yake iliwaka moto usiku. Aliitoa nje ya blanketi hata katika baridi ya mlimani, akasema anakanyaga pilipili.

Kisha mwezi mmoja wa Juni, nilipokwenda kumjulia hali, nikamkuta amechangamka. Nikamwuliza habari za miguu. Akanijibu, "Mwalimu, miguu yangu siku hizi imelala kama mtoto aliyenyonya akashiba."

Nilitoa daftari. Mbele yake, nikiwa nimeketi juu ya kigoda chake, niliuandika mstari ule na kuupigia mstari chini yake. Nilimwambia kwamba huyo ni mshairi aliyekosa kalamu. Akacheka kwa haya. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha mbili: dada yangu ana nafuu, na nimepata tashbihi ambayo hakuna malenga aliyewahi kuitumia. Niliitia katika shairi juu ya utulivu wa uzee. Shairi lile nililisoma harusini, likapigiwa makofi.

Wiki chache baadaye nilimsindikiza kwenye kituo cha afya ambacho sitakitaja. Kwa kuwa Chasu kilimjia kwa wepesi kuliko Kiswahili, mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wake. Aliyetuhudumia alimwuliza, "Mama, miguu inauma?" Nikatafsiri. Dada akajibu kwamba haiumi kabisa. Nikatafsiri. Ikaandikwa kwenye kadi kwamba miguu haina tatizo, na sote watatu tukaridhika. Swali lilikuwa sahihi kisarufi. Tafsiri ilikuwa sahihi. Jibu lilikuwa la kweli. Na katika usahihi ule wote hakuna aliyeelewa kilichosemwa.

Sukari ikikaa juu kwa miaka, huidhuru mishipa ya fahamu, hasa ile mirefu iendayo miguuni. Kwanza mishipa hiyo hulia: ndiko kule kuwaka moto. Ikizidi kudhurika hunyamaza. Kunyamaza kule huitwa ganzi, na ganzi hiyo si nafuu. Ndiyo hatari yenyewe, kwa sababu mguu usiohisi hauwezi kujilinda.

Mwezi Julai hapa kwetu ukungu hushuka hadi mlangoni. Dada yangu aliketi jikoni usiku, akaisogeza miguu kwenye mafiga kuipasha joto, kama alivyofanya kila Julai ya maisha yake. Mjukuu wake ndiye aliyesikia harufu. Kiswahili chetu hutumia kitenzi kimoja, *kusikia*, kwa sauti, kwa harufu, kwa baridi na kwa maumivu, na zamani nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu kwamba huo ni umaskini wa msamiati. Usiku ule nilijua kuwa ni hekima. Mguu wa dada yangu ulikuwa umekuwa kiziwi. Haukusikia moto. Nami niliyekuwa na masikio mawili, na daftari, na cheti cha ualimu wa Kiswahili, sikusikia pia.

Kidonda hakikufunga. Alikatwa mguu chini ya goti. Aliishi miaka mitatu zaidi, na katika miaka hiyo hakunilaumu hata siku moja, jambo ambalo lilikuwa zito kuliko lawama. Nilipomwambia hatimaye kwamba ule msemo wake ulikuwa dalili, na kwamba mimi niliufanya pambo, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi wewe uwaambie wengine, Mwalimu. Mimi sikujua kuwa nilikuwa nasema ugonjwa. Nilidhani nasema shukrani."

Miaka miwili baada ya kumzika, mimi mwenyewe nilikutwa na kisukari. Na siku yangu ya kwanza kuchunguzwa miguu kule Moshi, muuguzi hakuniuliza kama miguu inauma. Alinilaza, akaniambia nifumbe macho, akachukua kijiuzi cha nailoni kilichoshikizwa kwenye mpini na kukigusisha sehemu mbalimbali za unyayo kwa mkandamizo mdogo unaokipinda tu. Kila kikinigusa nilipaswa kusema, "Hapo." Kifaa kile ni kidogo kuliko kalamu. Lakini nilichokiona ndani yake ni swali lililotungwa upya. Halimwulizi mtu anaumwa wapi. Linamwuliza anasikia wapi. Ingekuwa dada yangu aliulizwa swali lile, angekaa kimya, na kimya chake kingesikika.

Tangu siku hiyo niliona ninalo deni. Wauguzi wa kliniki wanajua kazi yao, lakini mafunzo yao yanatoka katika vitabu vya lugha nyingine, na wanayatafsiri kwa haraka, katikati ya foleni. Maneno ni kazi yetu sisi. Hapa tumebishana juu ya vina vya kati, juu ya guni na arudhi, juu ya neno gani la Kiamu ni sanifu na lipi si sanifu. Sibezi mijadala hiyo. Nimeshiriki mingi na nitashiriki tena. Nasema tu kwamba kuna benchi la watu wanaongoja maneno, na maneno hayo hayajaja.

Nilitunga beti mbili. Hazina makuu, nami nawaomba malenga wenzangu mzipime kwa kazi zilizokusudiwa, maana zilitungwa kwa ajili ya watu wenye njaa wanaongoja kudungwa kidole. Mizani kumi na sita, vina viwili, kibwagizo kimoja ili benchi zima liweze kuitikia:

Si ya kopo peke yake, imo ndani ya ugali,
Nusu sahani iweke, mboga, tena za asili,
Dawa zisikuponyoke, uzishike kila hali,
Kisukari si kidogo, jina lisikuhadae.

Mguu ukinyamaza, usidhani umepona,
Chukua taa angaza, kila kidole kuona,
Motoni kuusogeza, ni hatari kubwa sana,
Kisukari si kidogo, jina lisikuhadae.

Nilipozisoma benchini kwa mara ya kwanza, yule mzee wa utani alisikiliza hadi mwisho, kisha akanitazama muda mrefu. Sikupata pongezi. Aliinama, akavua kiatu na soksi, akaanza kukitazama kidole chake kikubwa kana kwamba ndiyo kwanza anakutana nacho. Mama wa kikapu akamsogelea, naye akatazama. Shairi langu la harusini lilipigiwa makofi; hili lilivuliwa viatu. Najua ni lipi kati ya hayo mawili ningependa likumbukwe.

Nimerudia mara nyingi kujiuliza, lau wahenga wangeuona ugonjwa huu kama walivyoviona kipindupindu na kichomi, wangeupa kitenzi gani? Nimejaribu kadhaa. Kuyeyusha ni cha Aretaeus, na ni kweli kwa wale ambao kongosho lao limekauka kabisa. Kula ni cha jumla mno. Kwa aina tuliyo nayo wengi wetu, ile inayoingia ukubwani bila hodi, sioni kinachofaa kuliko *kunyamazisha*. Hunyamazisha nyayo, hunyamazisha macho taratibu, hunyamazisha figo, na katika hatua zote hizo mtu hujiona mzima, akasema maneno ya shukrani. Sipendekezi tubadilishe jina. Jina limekwisha kukaa mdomoni mwa watu, na lugha haisukumwi kama toroli. Lakini nomino isiyo na kitenzi inahitaji watu wa kuisimulia, na hao ndio sisi.

Mwezi uliopita nilikwenda tena kliniki. Nikafumba macho. Nikasema, "Hapo. Hapo. Hapo." Halafu pakawa na utulivu, nikadhani muuguzi amegeuka kuchukua kitu. Nikangoja. Nikamsikia akisema kwa upole, "Mwalimu, hapa nimekugusa mara tatu." Ni kidole kidogo cha mguu wa kushoto.

Jioni hii mvua nyepesi inanyesha Kighare. Nimewasha taa. Kioo cha kunyolea ndevu nimekiweka sakafuni ili nione chini ya unyayo, kama nilivyofundishwa, na viatu vyangu nimevikung'uta visije vikawa na kijiwe. Jiko linawaka upande wa pili wa chumba, nami nimekaa mbali nalo, nimevaa soksi za sufi. Daftari jekundu liko magotini. Nimeufungua ule ukurasa wa Juni, na safari hii nimeusoma mstari wote hadi mwisho. Sikuufuta. Chini yake nimeandika tarehe ya leo na neno moja: *Nimesikia.*